Samaki wa kupaka wangu anaonekana kama udongo kwenye simu. Nifanyeje?

Swali: Shikamoo dada. Nachora komiki ya kusoma kwa simu, inahusu bibi mmoja wa Tanga na mjukuu wake anayejifunza kupika. Ninapochora kwenye iPad, ndani ya programu ya kuchorea ya Procreate, chakula kinapendeza. Nikishapandisha sura mtandaoni, samaki wa kupaka anageuka udongo, pilau inakuwa ya kijivu na kachumbari inavuja rangi. Wasomaji wanaisifu hadithi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia imemtia njaa. Tatizo liko kwenye rangi, kwenye mashine au kwenye mkono wangu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Yapo mawili na yameingiliana: moja la faili, jingine la uchoraji. La faili ni fupi, tulimalize kwanza.

Procreate inakuruhusu kufungua turubai kwa profaili ya rangi, yaani maelekezo yanayoiambia mashine kila namba ya rangi ionekane vipi: ama Display P3, ama sRGB ambayo ndiyo ya kawaida mtandaoni. P3 ina wekundu na uchungwa mkali zaidi, na kioo cha iPad kinaweza kuuonyesha. Lakini picha ikipandishwa mahali ambapo profaili hiyo inafutwa, simu ya msomaji itazisoma namba zilezile kana kwamba ni za sRGB, na rangi zitapooza. Anza kila turubai mpya kwa sRGB. CMYK, mfumo wa rangi za wino, iachie kazi ya kuchapa kwenye karatasi. Chora kwa upana wa pikseli 1600, ukimaliza punguza hadi 800, kipimo kinachotosha kwa komiki ya kushuka kwa kidole.

Kachumbari nayo inaumizwa na JPEG, aina ya faili ya picha inayobanwa ili iwe nyepesi. Faili za aina hii hutunza mwanga na giza vizuri kuliko rangi. Mara nyingi taarifa ya rangi hupunguzwa kuwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Ndiyo maana vipande vyembamba vya nyanya nyekundu juu ya vitunguu vinatapakaa. Ungeweza kuhamia PNG, aina isiyopoteza taarifa ya picha, lakini faili inakuwa nzito, na msomaji wako analipia bando. Baki na JPEG, pandisha kiwango cha ubora, na muhimu zaidi hakikisha nyanya imekizidi kitunguu kwa giza, si kwa wekundu peke yake. Jicho likipata mpaka wa mwanga na giza, rangi ikivuja kidogo haitaonekana.

Sasa mkono. Chukua fremu yako ya samaki uigeuze yote iwe nyeusi na nyeupe. Nina hakika samaki, tui na sahani vitakuwa kijivu kimoja. Hilo ndilo tope unaloliona. Inaelekea pia unatia vivuli kwa nyeusi. Nyeusi ikichanganyika na manjano ya bizari inatoa kijani kilichochakaa, na hakuna mtu anayetamani kula kitu cha rangi hiyo. Kivuli cha tui lenye manjano kipeleke kwenye uchungwa, kisha kwenye kahawia yenye wekundu. Ukitumia leya ya Multiply, yaani tabaka linalotia giza rangi zilizo chini yake, ijaze rangi hiyo ya joto badala ya kijivu.

Hata hivyo, kuchagua rangi vizuri hakutatosha, na hapa ndipo ninapotaka uzingatie kuliko kwingine kote. Chora yaliyokipata chakula jikoni. Kila doa kwenye sahani lina sababu yake, na msomaji aliyekulia karibu na jiko anaijua sababu hiyo hata kama hawezi kuieleza. Pilau inapata rangi yake kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia. Basi anza na kahawia ya kitunguu kama rangi ya chini ya sinia zima, halafu juu yake weka punje chache zilizo wazi, hasa ukingoni ambako wali unamomonyoka. Punje zote usizichore: simu ina upana wa sentimita 7 hivi, na punje mia tano zikibanwa hapo zinarudi kuwa ule ukijivu unaoulalamikia.

Chapati vivyo hivyo. Madoa yake yako pale unga ulipogusa chuma cha moto, kwa hiyo hukaa juu ya sehemu zilizovimba na kuyakwepa mabonde. Ukiyatawanya ovyo, inaonekana ngozi ya chui.

Samaki wako amepitia mambo mawili, naye aonyeshe yote mawili. Kwanza amechomwa juu ya makaa: ngozi imekauka, imepasuka penye chale, na kingo zimeungua hadi karibu na nyeusi. Kisha amepakwa tui zito lililopikwa na viungo na ukwaju, likakaa ndani ya chale na kuteremka mbavuni. Acha giza la kuungua lichungulie kati ya tui. Hapo ndipo utapata ile tofauti ya mwanga na giza iliyokosekana, na utaipata bila kubuni chochote, maana mpishi ameshaifanya kazi hiyo.

Mng'ao nao utofautishe. Mafuta yanatoa nukta ndogo, kali, yenye kingo safi. Tui zito linatoa mng'ao mpana uliofifia pembeni. Ugali hauna mng'ao, una alama za mwiko na sehemu iliyomegwa. Uweke juu ya sahani ya rangi au penye kivuli cha mboga, kwa sababu kwenye fremu nyeupe utapotea. Mvuke uchore mmoja tu, kwa chakula kinachotoka motoni wakati huo. Ukiuweka kwenye kila sahani msomaji ataacha kuuamini.

Komiki ya kushuka ina kitu ambacho ukurasa wa kitabu hauna, nacho ni nafasi tupu kati ya fremu. Itumie kupikia. Bibi anapofunika sufuria ya wali na kupalia makaa juu ya mfuniko, acha kidole cha msomaji kiteleze kitambo bila kukuta picha. Pengine weka mjukuu mmoja mdogo, kando, amejiinamia. Kisha mfuniko ufunguliwe katika fremu inayojaza upana wote wa kioo. Kungoja kule ndiko kunakoleta njaa kuliko brashi yoyote unayoweza kununua.

Na mikono usiifiche. Nimeona wachoraji wengi wakiweka sahani peke yake katikati kama picha ya menyu. Onyesha vidole vya bibi vikimtenga samaki na mwiba, onyesha tonge lililobonyezwa kwa dole gumba na tui likianza kuingia kwenye kile kishimo. Hadithi yako ni ya watu wawili wanaofundishana, na mafunzo hayo yako mikononi mwao.

Kabla hujapandisha sura inayofuata, itume kwenye simu ya bei nafuu, toka nayo nje mchana, punguza mwanga wa kioo hadi nusu. Samaki akitofautika na tui lake hapo juani, pandisha. Asipotofautika, rudi kwenye ile picha ya nyeusi na nyeupe kabla hujagusa rangi.