Kwa Anayefunga Mkanda Mweupe kwa Mara ya Kwanza

Wanafunzi wapya wa judo na karate huniuliza mapema mno watapata lini mkanda mweusi. Huwa nawarudisha kwanza Tokyo, alikoanzisha judo Kano Jigoro mwaka 1882. Katika shule za kale za jujutsu, sanaa ya mapigano ya Kijapani iliyozaa judo, mwanafunzi alipewa hati baada ya miaka mingi, na kati ya hati moja na nyingine hakuwa na alama ya kumwonyesha amefika wapi. Kano, aliyekuwa mwalimu kwa taaluma, aliweka madaraja, na mwaka 1883 akawapa Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro daraja la kwanza, yaani shodani. Mkanda mweusi ulifuata miaka michache baadaye. Sehemu ya kwanza ya neno shodani humaanisha mwanzo, kwa hiyo anayeufikia mkanda huo anahesabiwa kuwa sasa yuko tayari kufundishwa kwa dhati.

Mtasikia pia kwamba mkanda haufuliwi, eti ule mweupe uligeuka mweusi kwa jasho la miaka. Hadithi hiyo haina msingi. Fueni mikanda yenu. Rangi za kati, kama njano na kijani, zilienezwa Ulaya, hasa na Kawaishi Mikinosuke aliyefundisha Paris miaka ya 1930.

Kuhusu sare, sikilizeni vizuri. Koti la judo hufumwa kwa pamba nzito kwa sababu hushikwa na kuvutwa, na mikono na suruali zake, ambazo mwanzoni zilikuwa fupi, zilirefushwa baadaye zikakinga viwiko na magoti yasichubuke. Funakoshi Gichin, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alichukua sare na mikanda kutoka judo, lakini koti la karate ni jepesi, kwa kuwa kazi yake ni kuacha mkono upige kwa wepesi. Mwezi wangu wa kwanza niliazima koti la karate nikaingia nalo kwenye judo. Mwenzangu alinikamata kola akanitupa, na mshono ukafumuka kutoka kwapani hadi kiunoni.

Upande wa kushoto wa koti hukaa juu ya ule wa kulia, kwani Wajapani hugeuza mpangilio huo wanapomvisha maiti. Mkanda uzungushe mara mbili, upitishe ncha moja chini ya mizunguko yote miwili, kisha kaza fundo hadi ncha zote mbili zining'inie sawasawa.