Uliza Kocha: Askari mmoja amebaki na bado imeisha droo

Swali: Shikamoo kocha. Mimi niko Moshi, Majengo, jioni tunakaa kijiwe cha kahawa, wazee wanapiga drafti na vizibo vya soda, sisi vijana watatu tuna chesi yetu pembeni. Juzi nilibaki na mfalme e4 (herufi ni safu, namba ni mstari kuhesabu toka upande wa mweupe) na askari e2, mwenzangu mweusi ana mfalme mtupu e6, zamu yangu. Nikapeleka mfalme d4 akaja d6, nikarusha askari mpaka e4 akaenda e6, basi nikawa nasukuma tu nasukuma ili askari afike mstari wa nane ageuke malkia, mpaka kafika e7 na mfalme wangu e6, yeye yuko e8 hana pa kwenda na hajapigwa cheki (yaani hakuna kete inayomshambulia). Wazee wakasema kafungwa huyo, yeye anang'ang'ania droo. Nani mkweli? Na nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako yuko sahihi, hiyo ni stelimeti na ni droo. Wazee nawaelewa kabisa kwa sababu kwenye drafti ukikosa pa kwenda umefungwa, ila chesi haiko hivyo, kama mfalme hajapigwa cheki na mwenye zamu hana muvu hata moja mnagawana pointi.

Sasa kosa. Watu wengi watakwambia uliharibu mwishoni kule e7, sio kweli, mwishoni ulikuwa hunacho tena cha kuharibu. Hata mfalme d4 haikukuua. Kilichokuua ni askari kuruka e2 mpaka e4. Panga ubao uangalie na mimi: wafalme wako d4 na d6, wametazamana na katikati kuna boksi moja, hapo yule mwenye zamu ndio anayelazimika kupisha njia (hii ndio oposisheni unayoisikia). Zamu ilikuwa yako, kwa hiyo ulihitaji muvu ya kupoteza muda ili zamu iende kwake, na ulikuwa nayo, askari e3, hatua moja tu. Hapo angeenda e6 ungemfuata e4, mmetazamana tena na zamu ni yake. Wewe ukarusha mpaka e4, akaenda e6, ukataka kumtazama lakini boksi la e4 kakaa askari wako mwenyewe! Mfalme wako hana pa kusimama, imeisha hapo.

Na ungeweza kucheza e3 tangu mwanzo, mfalme akiwa e4. Akienda d6 wewe unaingia f5, akienda f6 unaingia d5, akirudi e7 unapanda e5. Shika hili, askari akiwa e3 na mfalme wako akakanyaga d5, e5 au f5, umeshinda, haijalishi zamu ya nani. Askari akiwa e4 maboksi yanasogea juu, ni d6, e6 na f6. Yaani kila unavyomsukuma askari unampa mfalme wako safari ndefu zaidi, ndio maana napigia kelele watoto ninaowafundisha Sakina kila Jumamosi, mfalme atangulie mbele, askari abaki nyuma na akiba yake ya hatua.

Swali: Kocha, niko Njiro. Mwanangu wa miaka 9 alifikisha mfalme mstari wa sita mbele ya askari kama ulivyomfundisha na bado akatoa droo, analia mpaka leo. Askari alikuwa wa safu ya a.

Jibu: Pole mama, mwambie hajakosea. Askari wa pembeni, a au h, hafuati hiyo kanuni. Mfalme mweusi akishawahi kona ya a8 hakuna wa kumtoa, maana upande wa pili hakuna mlango wa kumzungukia. Na hata akichelewa kona, akiwahi c7 au c8 wakati mfalme wako kashaingia a7 kumpisha askari, anakufungia wewe humo ndani. Kabla ya kubadilishana kete zote aangalie kwanza askari atakayebaki ni wa safu gani.

Swali: Kaka habari, kuna fumbo limetusumbua wiki nzima hapa Ngaramtoni. Mweupe mfalme h8 askari c6, mweusi mfalme a6 askari h5, mweupe anaanza apate droo. Inawezekanaje wakati askari mweusi keshatoroka?

Jibu: Nzuri kaka. Hilo ni la Richard Réti, gwiji wa chesi wa zamani, alilitoa 1921, na mimi kila nikilipanga bado linanisisimua. Ni kweli ukimkimbiza askari moja kwa moja unachelewa hatua mbili nzima. Kwa hiyo usimkimbize yeye peke yake, tembea mshazari. Wewe mfalme g7, yeye askari h4, wewe mfalme f6. Hapo mweusi akisukuma h3 wewe mfalme e7, yeye h2, wewe askari c7, yeye mfalme b7, wewe mfalme d7, wote mnapata malkia. Akiona hiyo akaja mfalme b6, wewe ingia e5, na hili ndio boksi la fumbo zima, maana ukiwa e5 umesogelea askari wako na wa kwake kwa hatua zile zile. Akila c6 unaenda f4 na askari wake unamdaka. Akisukuma h3 unaenda d6, yeye h2, wewe c7, na hesabu inarudi ile ya malkia wawili. Kwenye ubao mshazari haukugharimu hatua ya ziada, h8 mpaka e5 ni hatua tatu na h8 mpaka h5 ni hatua tatu.

Lipangeni tena leo, safari hii wewe ushike mweusi umtafutie mweupe njia ya kufa.