Maswali yenu kuhusu mawe ya chokaa, mafuta na gesi

Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile Mbeya na Tukuyu. Wiki iliyopita nilisema hapa kwamba mawe ya chokaa yamerudi kuwa gumzo kwa wanajiolojia wa nishati, basi meseji zimeingia nyingi kuliko nilivyotegemea, zinazofanana nimeziunganisha na nyingine ntazijibu kwa kifupi.

Shikamoo mwalimu. Unasema chokaa imerudi, kwani ilienda wapi? Mafuta ya Uarabuni si yako kwenye chokaa miaka yote? (Tukuyu)

Marahaba. Ni kweli kabisa, haikuenda popote. Mafuta ya Masjed Soleyman kule Iran mwaka 1908 yalikuwa kwenye chokaa, Kirkuk ya Iraq mwaka 1927 chokaa, na Ghawar ya Saudi Arabia iliyogunduliwa 1948, ambayo ndo kubwa kuliko zote duniani, nayo chokaa. Ghawar ina urefu wa kama kilomita 280, yaani utoke Mbeya mjini, upite Makambako, uvuke Mafinga, na bado hujaimaliza. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kama asilimia 60 ya mafuta ya dunia na asilimia 40 ya gesi vimekaa kwenye miamba ya aina hii, yaani chokaa na ndugu yake dolomaiti, kwa jina moja tunaita kaboneti.

Kilichoondoka ni macho ya watu na pesa. Kwa miaka kadhaa kila mtu alikuwa anaangalia Marekani, wanavyopasua miamba ya udongo mgumu kwa maji ya presha ili itoe mafuta na gesi, ikaonekana kama habari nyingine zimeisha. Alafu Brazil ikapata mafuta ya Tupi mwaka 2006, nayo kwenye chokaa, chini ya maji ya bahari kama mita 2,000 na chini yake tena tabaka nene la chumvi, na leo zaidi ya robo tatu ya uzalishaji wa Brazil unatoka kwenye miamba hiyo iliyo chini ya chumvi. Mwaka 2015 kampuni ya Eni ikagundua Zohr kwenye bahari ya Misri, gesi kama futi za ujazo trilioni 30, wakati wengi pale walizoea kutafuta kwenye mchanga ulioletwa na mto Nile na hii ikawa kwenye chokaa. Hapo ndo watu walipogeuza shingo.

Mimi ni fundi ujenzi Mwanjelwa, jiwe nalijua ni gumu. Mafuta yanakaaje ndani ya jiwe? Au kuna ziwa chini? (Mbeya)

Hamna ziwa fundi. Chukua debe la maharage, lijaze mpaka juu, alafu mimina maji, utaona yanaingia mengi tu kwenye nafasi kati ya punje na punje. Mwamba wa mchanga uko hivyo, punje zinakaribiana ukubwa na nafasi zinafanana, ukishapima sehemu moja unaweza kukisia sehemu ya pili.

Chokaa sasa ifananishe na kichuguu. Umeshawahi kukata kichuguu katikati? Kuna vyumba vikubwa, kuna vijia vyembamba, kuna chumba kimezibwa hakina mlango kabisa, na hatua mbili pembeni ni udongo mtupu. Chokaa ndo hivyo hivyo kwa sababu imetengenezwa na viumbe, makombe, matumbawe, vijidudu vya baharini, alafu maji yanapita kwa mamilioni ya miaka yanayeyusha hapa yanaziba pale, na mwamba ukikunjwa unapata nyufa. Maji yenye magnesiamu yakipita yanaigeuza kuwa dolomaiti, ile ile ambayo wakulima wa mahindi wenye udongo wenye asidi wanainunua kama chokaa ya kilimo, na mara nyingi dolomaiti inabaki na matundu mazuri zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwanajiolojia siyo kama mwamba una matundu, ni kama matundu yanaongea yenyewe kwa yenyewe. Unaweza kuchimba kisima kikatoa vizuri ajabu, ukasogea kidogo ukachimba kingine kikawa kikavu. Na kuna shida nyingine inayonisumbua kila nikiifikiria, mafuta kwenye chokaa mara nyingi yanashikamana na ukuta wa jiwe, ukisukuma maji ili yayatoe, maji yanakimbilia kwenye nyufa yanayaacha mafuta nyuma. Mengi yanabaki chini. Hata Zohr ilianza kutoa gesi Desemba 2017 ikapanda kwa kasi sana, baadaye ikashuka kiasi kwamba 2024 Misri ilirudi kununua gesi ya kimiminika nje. Ndo maana nawaambia vijana msishangilie ukubwa wa ugunduzi mpaka muone mwamba unavyotiririsha.

Nasikia wanamwaga asidi kisimani, ni kweli? (Mafinga)

Kweli. Asidi ya haidrokloriki inayeyusha chokaa, inatoboa vijia kama vya funza kuanzia kwenye kisima kwenda ndani, mafuta yanapata njia. Wanaichanganya na dawa ya kulinda bomba lisiliwe. Kwenye mwamba wa mchanga asidi hiyo peke yake haisaidii sana.

Songwe kuna chokaa mpaka kiwanda cha saruji kipo. Kwa nini hatuchimbi mafuta? (Mlowo, na wengine kama saba)

Hili ndo limeulizwa zaidi ngoja nilikalie.

Chokaa ya Songwe siyo ya bahari. Ni travatini, imewekwa na chemchemi za maji moto zilizopo pale mpaka leo, maji yanapanda yamebeba chokaa iliyoyeyuka, yakifika juu gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka, chokaa inabaki inaganda tabaka kwa tabaka. Iko juu ya ardhi, imekaa wazi. Ili upate mafuta unahitaji mwamba mama uliojaa mabaki ya viumbe na ukapikwa vya kutosha, unahitaji mwamba wenye matundu wa kuyapokea, na unahitaji kifuniko juu kama chumvi au udongo mgumu. Songwe matundu yapo kibao, kifuniko hakuna. Hata kama kitu kingepanda kingeshatoka zamani.

Na mlima Panda pale jirani watu wanauchanganya, ule ni kabonataiti, yaani kaboneti iliyotoka kama uji wa moto kutoka chini sana, una madini ya niobiamu lakini mafuta hapana. Jina linafanana tu, asili ni tofauti kabisa.

Siyo kwamba hakujatafutwa lakini. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili bonde la Rukwa, Galula na Ivuna, haikupata mafuta ya kibiashara. Na yule wa Njombe aliyeuliza kuhusu gesi yetu ya Songosongo na Mnazi Bay, hiyo iko kwenye mwamba wa mchanga.

Mimi niko form six Iringa, mwalimu wetu amesema miamba ya Brazil inahusiana na ziwa Tanganyika. Inawezekanaje? (Iringa)

Mwalimu wako nampa heshima zake. Chokaa ile ya chini ya chumvi haikutengenezwa baharini, ilitengenezwa kwenye maziwa ya bonde la ufa wakati Amerika ya Kusini na Afrika zinaachana, zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita. Sehemu yake ni makombe matupu yaliyorundikana. Sasa nenda ziwa Tanganyika, chini ya maji kuna maeneo makubwa yametandazwa makombe ya konokono anayeitwa Neothauma, kuna samaki wanaishi humo ndani kama nyumba. Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa mwamba ulioko kilomita tano chini ya bahari ya Brazil, akizamia Kigoma anaona unavyoanza. Hili linanifurahisha kuliko yote niliyoandika leo.

Dunia inaachana na mafuta, sasa chokaa ya nini tena? (Uyole)

Matundu yale yale yana kazi nyingine. Melun karibu na Paris tangu 1969 wanavuta maji moto kutoka kwenye chokaa wanapasha nyumba, kisima kimoja kinatoa kingine kinarudisha, na Munich wanafanya hivyo pia. Weyburn kule Canada tangu mwaka 2000 wanasukuma kaboni dayoksaidi kwenye chokaa ya zamani ya mafuta, inatoa mafuta yaliyobaki na gesi nyingi inabaki huko chini. Jotoardhi yetu ya Ngozi ni ya volkano, hiyo ni mada nyingine ntaileta.

Wa Iringa, ukipata jiwe usilolijua likwaruze kidogo litoe unga, dondoshea ndimu. Likichemka povu ni chokaa, likichemka kwa shida tena kwenye unga tu inaweza kuwa dolomaiti. Niandikie umeona nini.