Mkuu, usikimbilie kununua monita mpya

Mkuu, umesema monita ya stesheneri yako hapo Moshi inabaki na kivuli cha ule mstari wa chini wenye saa, hata ukifungua kitu kingine. Kabla fundi hajakuuzia kioo, hakikisha kwanza ni cha aina gani. Kama ni LCD (kioo chenye taa nyuma na fuwele za kimiminika zinazochora picha mbele yake), na za mtumba nyingi ndizo hizo, mara nyingi kivuli ni cha muda tu: fuwele hizo zimeshikilia mkao mmoja kwa muda mrefu mno, chaji ya umeme imebaki humo. Jaza kioo chote rangi nyeupe tupu kwa saa kadhaa, au uizime usiku kucha, halafu weka rangi ya kijivu. Kwenye kijivu kivuli hakijifichi. Kikiwa kimefifia, rudia.

Kioo cha aina ya OLED, kisicho na taa ya nyuma, ni habari nyingine kabisa. Kila nukta inawaka yenyewe na kuchakaa kadiri inavyowaka, za bluu zikitangulia, na iliyochakaa hairudi. Programu za "kuponya" usizilipie hata mia.

Kwa sasa punguza mwanga, ficha huo mstari, na seti kioo kijizime baada ya dakika 5 bila kazi. Skrinseva (picha inayojitokeza kompyuta isipotumika) yenye picha iliyoganda haisaidii kitu.