Jeni ya ualbino na kansa ya ngozi, niliyoyaona kwa mdogo wangu

Mkuu umeuliza kwanini watu wawili wenye ualbino mmoja anaondoka na kansa ya ngozi bado kijana mwingine anazeeka na wajukuu, kama ni jeni au bahati tu, na ukasema shemeji yako ana kidonda mdomoni. Mi nimemuuguza mdogo wangu mwenye ualbino, ntakwambia niliyoyaona na tulivyoelezwa na madaktari.

Jeni ina sehemu yake kweli. Huku kwetu wengi wana ualbino wa aina ya pili, jeni yake inaitwa OCA2, baba na mama wote wanaibeba bila kujijua na kila mimba nafasi ya mtoto kuzaliwa nao ni 1 kati ya 4. Aina hii rangi haiishi kabisa mwilini, ndo maana nywele za mdogo wangu ni za njano sio nyeupe pee. Kuna wa aina ya kwanza ambao wengine hawana melanini, yaani rangi ya ngozi, hata chembe, hao jua halina huruma nao kabisa.

Ila kilichotaka kuniulia mdogo wangu ni kuchelewa. Alianza na kigaga nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mtama, kikibanduka damu, kinafunga, kinarudi. Zahanati wakatupa tyubu ya kupaka, tukapaka miezi saba tukijua ni fangasi, hadi kikawa kidonda ukubwa wa sarafu, kingo zimeinuka, ngumu ukizishika. Hospitali ya KCMC Moshi wakakata kinyama wakapima, kansa ya skwamasi, inaanzia seli za juu za ngozi, ndo hiyo inayowapata sana wenye ualbino Afrika, melanoma, ile kansa ya seli za rangi, kwao ni nadra. Daktari akasema mngeniletea kingali kigaga ningekichoma na nitrojeni ya baridi kali mkarudi nyumbani leoleo. Akafanyiwa opresheni, sikio likapungua kidogo, ila tezi za shingo zilikuwa bado salama, na ikishaingia kwenye tezi ndo tunakozikia watu.

Sasaivi kila Jumapili jioni namkagua mwenyewe, nyuma ya masikio, shingo, mdomo wa chini, mgongo wa mikono. Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya Kilisun wanayotengeneza palepale Moshi, na genge la nyanya juani kaacha, anashona kivulini.

Shemeji yako hicho kidonda kina muda gani? Kama kimepita mwezi hakijafunga mpeleke wiki hii, na mkiambiwa ni fangasi ombeni kinyama kipimwe.