Ajenti amepunguza malipo tuliyokubaliana: tumdai nani?

SWALI: Habari za kazi, Wakili. Naishi Walukuba, Jinja, hapa Uganda, na napakia sabuni katika kiwanda kimoja hapa mjini. Aliyetuajiri si kiwanda, ni ajenti; yeye ndiye anayetulipa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Nilipoanza, miezi saba iliyopita, tulikubaliana shilingi 15,000 kwa siku. Tarehe 19 mwezi uliopita supavaiza wa ajenti aliandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba kuanzia tarehe 1 ya mwezi huohuo malipo ni 11,500, kwa sababu kiwanda kimempunguzia ajenti pesa. Tena hutukata 10,000 kila mwezi ili majina yetu yabaki kwenye lista. Jumatatu tunaletewa mkataba mpya wa kusaini, asiyetaka akae nyumbani. Mkataba wa kwanza sikupewa nakala. Tumdai nani, ajenti au kiwanda? Na nikikataa, si nitafukuzwa?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Nianze na lile la haraka: usiache kazi kwa hasira, na usikae kimya. Endelea kwenda kazini, lakini leo hii mwandikie ajenti kwamba hukubali punguzo hilo. Mfanyakazi anayepokea malipo pungufu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu bila neno, mwisho huambiwa kwamba aliridhika, na hoja hiyo ni ngumu kuivunja. Ujumbe mfupi unatosha: "Tulikubaliana 15,000 kwa siku. Sijakubali 11,500. Naendelea na kazi huku nikidai malipo yangu kamili." Utume kwa namba ya ajenti mwenyewe, si kwenye grupu peke yake, maana msimamizi wa grupu anaweza kuufuta.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo supavaiza ameyachanganya. Siku ulizofanya kazi kabla ya tarehe 19 zimekwisha kuwa deni. Ulizifanya kwa makubaliano ya 15,000 na hakuna tangazo linaloweza kurudi nyuma likazibadilisha bei. Kama kati ya tarehe 1 na 19 uliingia siku 16, hapo peke yake unadai 3,500 mara 16, yaani shilingi 56,000. Kwenye hili ajenti hana pa kujitetea.

Siku zilizofuata ni suala la ridhaa. Mkataba ni wa pande mbili, na upande mmoja hauwezi kubadilisha malipo kwa kutoa tangazo tu. Kusema kiwanda kimempunguzia pesa hakumsaidii, kwa sababu hayo ni makubaliano yao wawili na wewe hukuwamo. Akiona biashara haimlipi, njia iliyo wazi ni kuja kuzungumza nanyi, au kuvunja mkataba kwa kufuata sheria. Wewe umevuka miezi sita, kwa hiyo unastahili notisi isiyopungua wiki mbili.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya hali ya Uganda. Kima cha chini cha mshahara kilichopo kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais. Kwa hiyo sheria haina sakafu ya maana ya kukushikilia ukishushwa. Sakafu yako ni yale 15,000 mliyokubaliana, basi kazi yako kubwa ni kuyathibitisha.

Kukosa nakala ya mkataba kusikuvunje moyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatambua hata mkataba wa mdomo, na inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Una miezi saba, kwa hiyo aliyekosa ni yeye. Wala asikwambie wewe ni kibarua wa siku tu: Kanuni za Ajira za mwaka 2011 haziruhusu mtu kuwekwa kibarua zaidi ya miezi minne. Ushahidi unao kwenye simu yako. Kila meseji ya malipo ina tarehe, kiasi na jina la mlipaji. Gawanya kiasi cha mwezi kwa siku ulizoingia, ukirudishia yaliyokatwa, na 15,000 itajitokeza yenyewe mwezi baada ya mwezi. Hizo meseji usizifute, zipige picha uzitunze nje ya simu hiyo. Piga picha pia tangazo la tarehe 19, kadi ya getini na daftari la mahudhurio ukilifikia. Na anza kuandika siku zako kwenye daftari lako mwenyewe.

Angalia na NSSF, yaani mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, watu wengi huisahau. Asilimia 5 inatoka kwako na 10 anaongeza mwajiri, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja analazimika kuchangia. Kwa siku 26 za 15,000, akiba yako ilipaswa kuwa 58,500 kwa mwezi. Kwa 11,500 inashuka hadi 44,850. Kwa hiyo punguzo hili linakula na uzee wako. Ukikuta akaunti haina kitu kabisa, hilo ni dai jingine la kupeleka NSSF.

Ile 10,000 ya lista imenikasirisha kuliko yote. Sheria inataja makato yanayoruhusiwa, kama kodi ya serikali, NSSF, ada ya chama cha wafanyakazi, kodi ya nyumba ya mwajiri uliyoikubali. Kumkata mfanyakazi ili apate kazi au abaki nayo imekatazwa, iwe pesa inakwenda kwa mwajiri au kwa wakala wake. Idai yote, tangu mwezi wa kwanza.

Umdai nani? Anza na ajenti, ndiye uliyekubaliana naye na ndiye anayekulipa. Lakini kwenye malalamiko andika na jina la kiwanda. Eleza nani anakupangia zamu, nani anakukagua, nani anaweza kukuondoa kwenye laini ya kupakia. Ajenti akifunga ofisi kesho, maelezo hayo ndiyo yatakayofungua mlango wa kukidai kiwanda. Sheria yetu bado haijaeleza vizuri uhusiano huu wa pande tatu. Bunge lilipitisha mwaka 2023 marekebisho yaliyogusa kampuni za kukodisha wafanyakazi, Rais akayarudisha, na wanaoumia ni watu kama nyinyi. Uliza pia kama ajenti ana kibali cha uwakala wa ajira, maana bila kibali haruhusiwi kufanya biashara hiyo.

Malalamiko yanakwenda kwa afisa wa kazi, huyu tunayemwita leba ofisa, kwenye ofisi za Jiji la Jinja. Huhitaji wakili. Nendeni wengi, lakini kila mmoja awe na hesabu yake kwenye karatasi. Siku 90 zikipita bila uamuzi, mnaweza kwenda Mahakama ya Viwanda, ile inayosikiliza migogoro ya kazi. Mkikwama njiani, Platform for Labour Action na Justice Centres Uganda husaidia wasio na uwezo bila malipo.

Kuhusu kufukuzwa, sitakudanganya kwamba haitokei. Lakini kupeleka malalamiko si sababu halali ya kumwondoa mtu kazini, na ukiondolewa kwa hilo unakuwa na dai la pili. Hapo usichelewe, maana malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yana miezi mitatu tu. Hata ukilazimika kuondoka mwenyewe kwa sababu ya vitendo vya mwajiri visivyovumilika, sheria inaweza kuhesabu kwamba yeye ndiye aliyekuachisha. Ila andika sababu hiyo kwenye barua ya kuondoka.

Na huo mkataba wa Jumatatu: omba nakala uende nayo nyumbani, usome kabla ya kusaini. Angalia jina la mwajiri juu ya karatasi. Likiwa la kampuni nyingine, jua kwamba wanakuhamisha, na mkataba wako hauhamishwi bila ridhaa yako. Tafuta pia mstari unaosema huna madai yoyote ya nyuma; huo usiusaini kabisa. Wakikubana kwamba ni kusaini au kutoka, andika kwa mkono wako pembeni ya saini, "Nimepokea, sikubali 11,500 na sijaacha madai yangu", kisha upige picha ukurasa wote kabla hujawarudishia karatasi yao.