Stoku kubwa, faida kubwa? Niliyoyaona kiwandani

Mkuu, umeuliza kama kiwanda kikipunguza stoku faida inapanda, maana mwalimu wako anasema ndiyo na bosi wako anakataa. Nimekuwa mhasibu wa gharama kiwandani miaka tisa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Inategemea stoku gani, na faida ya kwenye karatasi au ya benki.

Mwaka wangu wa pili tulizalisha kwa fujo huku mauzo yamelala, na bado faida ikapanda! Ona hesabu yake. Gharama za kiwanda zisizobadilika, tuseme pango na uchakavu wa mashine, ni 1,000,000. Ukizalisha vipande 10,000 ukauza vyote, kila kimoja kimebeba 100. Ukizalisha 20,000 ukauza 10,000 vilevile, kila kimoja kinabeba 50, na 500,000 inabaki stoo ikiitwa mali. Faida imeongezeka 500,000 bila mteja mmoja wa ziada. Wala si wizi: IAS 2 yenyewe, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoku, inataka gharama hizo ziingie kwenye thamani ya stoku.

Wakubwa walipata bonasi. Mimi nilikuwa nakimbizana na benki kuhusu ovadrafti, kwa sababu mishahara hailipwi kwa makatoni. Mwaka uliofuata mzigo ukauzwa chini ya gharama, IAS 2 ileile ikatulazimisha kushusha thamani ya uliobaki, na faida yote ikayeyuka.

Kwa hiyo usipime stoku kwa jumla. Kokotoa siku za stoku (wastani wa stoku gawanya kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, zidisha kwa 365), halafu itenge. Bidhaa zilizokamilika zikikua kuliko mauzo, shtuka. Zilizo katikati ya uzalishaji zikirundikana, mara nyingi kuna mashine inayokwamisha wenzake. Malighafi ndiyo bosi wako anayoitetea, na hapo namuunga mkono: Februari 1997 kiwanda cha Aisin, muuzaji wa vipuri kwa Toyota, kiliungua, na Toyota, mabingwa wa stoku ndogo, wakasimamisha karibu uzalishaji wao wote Japani kwa kukosa vali ndogo ya breki.

Sisi tulipunguza bidhaa zilizokamilika tu, malighafi hatukugusa. Miezi ya mwanzo faida kwenye vitabu ilishuka, na nikaitwa ofisini kujieleza. Nilikwenda na taarifa ya benki.